Tulikuwa wa Kwanza: Mkonge, Karafuu na Wakulima Wakubwa wa Dunia

Hotuba kwa wahitimu wa stashahada ya kilimo, mkoani Tanga

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja kuwapongeza watoto wenu, na ninyi wahitimu wenyewe: assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Siku ya Nane Nane mwaka huu nilikaa kwenye banda letu nikipokea wageni. Kijana mmoja wa kidato cha pili akaja, akaniamkia, akauliza: "Babu, kwenye kilimo Tanzania ni ya ngapi duniani?" Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja, nikaona nitamdanganya. Nikamwomba akae kwenye benchi, tukaongea mpaka wenzake wakaja kumtafuta. Leo nataka kuyarudia mazungumzo yale mbele yenu, kwa urefu zaidi, kwa sababu ninyi mnakwenda kuwa mabwana shamba na mabibi shamba, na swali hilo mtaulizwa na watu wenye jembe mkononi.

Nilianza na China, maana katika mazao mengi jina lake ndilo linalotangulia. Ngano, viazi mviringo, nyanya, vitunguu saumu, matufaha, chai, na karibu nusu ya nguruwe wote wanaofugwa ulimwenguni. Kwenye mpunga inakabana koo na India, na ukizijumlisha nchi hizo mbili unapata zaidi ya nusu ya mchele wote wa dunia. Lakini China hiyohiyo ndiyo inayonunua soya nyingi kuliko nchi yoyote, takriban tani milioni 100 kwa mwaka, zinazofika kwa meli nyingi kutoka Brazil na Marekani kwenda kulisha nguruwe na kuku. Wachina ni karibu mtu mmoja kati ya kila sita duniani, na ardhi yao ya kulima haifiki sehemu moja ya kumi ya ardhi ya kulima ya dunia. Njaa waliijua kwa machozi. Ndiyo maana kazi ya Yuan Longping na wenzake, waliofanikisha mpunga chotara mwaka 1973, kule kwao inatajwa kwa heshima wanayopewa mashujaa wa vita.

Marekani inaongoza kwa mahindi. Mwaka 2023 ilivuna zaidi ya tani milioni 380, karibu theluthi moja ya mahindi yote ya dunia. Kijana wangu alishangaa: "Wanaumaliza vipi ugali wote huo?" Hawali ugali. Takriban theluthi moja inageuzwa ethanoli ya kuchanganya na petroli, na sehemu nyingine kubwa inakwenda kwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Ninyi shikeni hesabu moja tu hapo. Ekari yao moja kwa wastani inatoa zaidi ya gunia 40 za kilo 100. Wastani wetu haufiki gunia 10. Tofauti hiyo ni mbegu, mbolea, maji, mikopo na barabara, na inaumiza kuitazama. Itazameni hivyo hivyo.

India napenda kuizungumza taratibu, kwa sababu mkulima wake anafanana na wetu. India ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa maziwa, zaidi ya tani milioni 200 kwa mwaka, karibu robo ya maziwa yote. Ukisikia hivyo unawaza mashamba makubwa yenye ng'ombe maelfu. Sivyo. Sehemu kubwa inatoka kwa familia zenye ng'ombe au nyati wawili, watatu. Mwaka 1946, huko Anand katika jimbo la Gujarat, wafugaji waliochoka kupangiwa bei na wafanyabiashara waliunda ushirika wao. Baadaye akaja mhandisi kijana, Verghese Kurien, akaitwa kusaidia mitambo, akabaki maisha yake yote. Mfugaji analeta maziwa asubuhi na jioni kwenye kituo cha kijiji, yanapimwa mafuta palepale, analipwa kwa kipimo kile. Kiwanda ni cha ushirika. Mwaka 1970 taifa zima likaanza kuiga mpango huo, na mwaka 1998 India ikaipita Marekani. Hakuna aliyepewa ng'ombe mia. Walichopata ni kituo cha karibu, kipimo cha haki na malipo yanayofika. Wale mnaokwenda kufanya kazi na AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao, nendeni mkikumbuka kile kipimo cha mafuta. Ushirika wetu mwingi umefia kwenye mizani.

Sasa Brazil. Hapa naomba mnivumilie, maana Brazil ina kesi na mimi, mtaona baadaye.

Katikati ya Brazil kuna nyika kubwa inaitwa Cerrado. Udongo wake ni mwekundu, umechoka, una asidi kali na alumini inayoua mizizi. Hadi miaka ya 1960 wengi waliamini haufai kwa chochote zaidi ya ng'ombe wachache. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha shirika la utafiti wa kilimo, Embrapa, ikasomesha vijana wake hadi shahada za uzamivu, ikawarudisha shambani. Wakamwaga chokaa kwa wingi kupunguza asidi, wakaongeza fosforasi. Soya, zao la kaskazini ya Asia lililozoea siku ndefu za kiangazi, wakalizalisha upya mpaka likakubali siku fupi za karibu na ikweta. Mwanasayansi mwanamke, Johanna Döbereiner, akafanya kazi kubwa juu ya bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, na mkulima wa soya wa Brazil akaokoa fedha nyingi ambazo angezimaliza kwenye mbolea. Leo Brazil ni ya kwanza kwa soya, zaidi ya tani milioni 150 mwaka 2023. Ni ya kwanza kwa kahawa, kwa miwa, kwa machungwa.

Gharama yake imekuwa kubwa. Takriban nusu ya uoto wa asili wa Cerrado umefyekwa, na mito inayoanzia kule inalalamika. Nawaambia hili kwa sababu watakuja watu kuwaonyesha picha za matrekta kumi yakivuna kwa mstari mmoja na kuwauliza mbona ninyi hamfanyi hivi. Jirani zetu wa kaskazini mwa Msumbiji walipelekewa mpango wa namna hiyo, wakulima wadogo wakauliza ardhi yao itakwenda wapi, hawakupata jibu la kuridhisha, wakaupinga mpaka ukafungwa. Mimi nawaunga mkono. Chukueni chokaa, chukueni utafiti, chukueni ule uamuzi wa kusomesha vijana. Ardhi ya watu iacheni kwa wenyewe.

Nilipofika hapo, kijana akasema neno lililonifanya nimpende. Alisema: "Lakini kahawa si ya Ethiopia?"

Ni ya Ethiopia, mjukuu wangu. Na soya ya Brazil asili yake ni Asia. Kakao, ambayo Côte d'Ivoire inatoa karibu asilimia 40 ya dunia nzima, ilitoka misitu ya Amazon. Na mchikichi ni mti wa Afrika. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwani Java. Leo Indonesia peke yake inatoa zaidi ya nusu ya mafuta ya mawese yote duniani. Baba yangu alitoka Kigoma, ambako mchikichi unaota nyuma ya nyumba na watoto wanakua wakinusa mawese. Mwezi Aprili 2022 Indonesia ilizuia mawese yake yasiuzwe nje, kwa wiki tatu hivi. Kila mama anayekaanga maandazi katika mji huu anakumbuka dumu la mafuta lilifika bei gani mwaka ule. Tulikuwa tunasubiri uamuzi wa Jakarta ili tukaange maandazi Tanga, sisi wenye michikichi Kigoma.

Baba aliondoka kule kama manamba. Wazee mliopo hapa neno hilo mnalijua. Wakala wa mashamba alipita vijijini kuandikisha vijana, Kigoma, Songea, hadi ng'ambo ya Ruvuma na Burundi, wakaletwa Tanga kukata mkonge. Nilizaliwa kambini, Korogwe. Kila asubuhi kabla ya jua baba alikwenda shambani, akakata majani yenye miiba kwenye ncha, akayafunga matita, majani 30 kila tita, akayapanga kando ya reli ndogo. Akimaliza kazi yake, kipande, yaani kadi yake ya kazi, kinasainiwa siku moja. Akiugua, hakisainiwi. Majani yalikwenda kwenye korona, mashine inayokwangua nyama ya jani na kuacha singa, yaani nyuzi zake. Nikiwa mtoto, mlio wa korona ndio uliokuwa saa yetu.

Na katika miaka ile, wahitimu, nchi hii ilikuwa ya kwanza duniani.

Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Asili yake ni Mexico. Ikapita Hamburg, ikavuka bahari, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto Pangani. Miche 62! Kutoka hiyo yakaota mashamba yaliyofunika Tanga, Korogwe, Muheza, yakashuka Morogoro hadi Kilosa, yakaenda Lindi. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000 za singa. Mkonge ndio uliokuwa ukiiletea nchi changa fedha nyingi za kigeni. Watu waliuita dhahabu ya kijani, na hapa Tanga hakuna aliyebisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na tani 20,000 hivi.

Nimesikia maelezo mengi ya anguko lile, na mengi yanachagua mkosaji mmoja. Wengine wanasema ni kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Yapo mashamba yaliyoharibika mikononi mwa usimamizi mbovu, nimeyaona kwa macho yangu: mkonge umetoa milingoti ya maua, nyasi zimefika kifuani, korona imeota kutu. Lakini bei ya singa ilikuwa imeanza kuporomoka kabla ya 1967. Wakulima wa Ulaya na Marekani walitumia kamba ya mkonge kufungia majani makavu ya mifugo, na kamba hiyo ndiyo iliyokuwa soko letu kubwa. Viwandani ikatokea kamba ya plastiki, nyepesi, rahisi, isiyooza. Sisi tulikuwa tumepanda zao moja, kwa matumizi makubwa karibu mamoja, kwa wanunuzi wa upande mmoja wa dunia. Plastiki ile ilitengenezwa hadharani, ikaandikwa magazetini, ikachukua miaka kadhaa kuenea. Swali langu la miaka yote ni hili: nani kwenye mashamba yetu alikuwa na kazi ya kuyasoma magazeti yale?

Brazil nayo ilipigwa na plastiki ileile. Kule mkonge unalimwa jimbo la Bahia, kwenye nchi kavu ambako mahindi hayasimami, na wanaoulima wengi ni wakulima wadogo. Wakabaki nao kwa kuwa hawakuwa na zao jingine la kukimbilia. Leo wao ni wa kwanza, sisi wa pili. Hiyo ndiyo kesi yangu na Brazil. Hata hivyo siwaonei wivu wote wa ushindi wao: mashine ndogo wanayotumia, wanayoiita paraibana, inalishwa kwa mkono jani kwa jani, na kuna vijiji ambavyo wanaume wasio na vidole ni jambo la kawaida. Ukisoma kwenye jedwali kwamba nchi fulani inaongoza, jedwali halikuonyeshi mkono wa aliyevuna.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo kwangu inauma kuliko tani zilizopotea. Hapa juu, Amani, kwenye milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Kwenye kituo kile ulikutwa mkonge wa aina nyingine, wenye rangi ya kibuluu, na wataalamu wa mimea wakaupa jina la mahali penyewe: Agave amaniensis. Baadaye watafiti wa Mlingano, hapo Muheza, wakauchanganya na aina nyingine, wakachagua, wakatupa, wakachagua tena kwa miaka mingi, wakapata chotara waliyoiandika kwa namba: H.11648. Mkonge wa kawaida ukikupa majani 200 na kitu katika maisha yake, huu unakupa zaidi ya maradufu. Chotara ile ikasafiri. Ikafika China, Guangdong na Guangxi, na kule ndiyo waliyoijaza mashambani. Wanaipa mbolea, wanaipima, wanafuatilia magonjwa yake, na mavuno yao kwa hekta yanayazidi yetu kwa mbali. Mbegu imetoka Muheza. Mtu wa Guangdong anaifahamu kuliko mtu wa Muheza.

Nilifanya kazi kwenye vitalu vya mkonge miaka 31. Nakumbuka msimu mmoja tulipokosa fedha za kununua hata karatasi za kuandikia vipimo, kwenye kituo nisichokitaja, na mkubwa wetu akasema tuandike kichwani. Vipimo vya msimu ule havipo. Siwezi kuwaambia leo chotara gani ilihimili ukame wa mwaka ule, na ningetoa chochote kulijua jambo hilo.

Karafuu ni habari ya ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na nitaigusa kwa sababu inafundisha kitu kilekile kwa njia kali zaidi. Mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Waholanzi waliulinda kwa bunduki. Wafaransa wakapata miche, ikafika Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne iliyofuata ikawa Zanzibar. Sultani Seyyid Said akahimiza upandwe kila mahali, na waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa. Hilo lazima lisemwe kila karafuu inapotajwa. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabaki na miti yake, na ndiyo maana mpaka leo karafuu ni Pemba. Kwa miongo mingi sehemu kubwa kabisa ya karafuu ya dunia ilitoka kwenye visiwa viwili ambavyo unaweza kuvizunguka kwa siku chache.

Na mnunuzi mkubwa alikuwa nani? Indonesia. Kule Java, katika mji wa Kudus, watu walikuwa wamebuni sigara zinazochanganywa karafuu, kretek, na taifa zima likazizoea. Nchi ya asili ya mkarafuu ikawa inanunua karafuu Zanzibar. Kisha katika miaka ya 1970 wakaamua kupanda za kwao, kwa nguvu, kwenye visiwa vingi. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wanajitosheleza, na bei ikaanguka. Leo wao ni wa kwanza kwa mbali na wanazivuta nyingi wenyewe.

Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa vizuri. Rudieni kuihesabu. Mteja wako mkubwa anapanda miti milioni baada ya milioni, na una miaka 6 hadi 8 ya kumwona akipanda. Pigo lile lilikuja polepole kama mti unavyokua. Ni sawa na kamba ya plastiki.

Sasa mtaelewa kwa nini sikumjibu yule kijana kwa sentensi moja. Mwishowe nilimpa: kwa mkonge sisi ni wa pili, kwa karafuu tumo kwenye orodha lakini mbali na aliye juu, kwa korosho na ufuta tunahesabika miongoni mwa wakubwa, na korosho yetu nyingi bado inapanda meli ikiwa na ganda lake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Majirani zetu wa Kenya ni wa kwanza kwa kuuza nje chai nyeusi, na nyingi inatoka kwenye vishamba vya wakulima wadogo, jambo ambalo wengi walilidhania haliwezekani. Nigeria ni ya kwanza kwa muhogo. Aliandika yote kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino.

Akaniuliza la mwisho: "Tutarudi kuwa wa kwanza?" Nilimwambia kwamba mkonge umeanza kupanda tena. Wakulima wadogo wa Korogwe wanaulima ndani ya mashamba yaliyokuwa ya mabwana zamani. Kwa kila jani linaloingia kwenye korona, singa ni kama sehemu 4 tu kati ya 100. Zilizobaki, maji na nyama ya jani, kwa karibu miaka 100 tulizimwaga mtoni. Hale kumejengwa mtambo unaozigeuza kuwa gesi na umeme. Lakini chotara yetu ina magonjwa yake, miche bora haitoshi, na watu wanaojua kuuzalisha mkonge wanazeeka. Mimi ni mmoja wao.

Basi nina ombi. Kwenye shamba darasa la chuo, nyuma ya bweni la wasichana, kuna mistari 12 ya H.11648, na majani ya mistari mitatu ya mwisho yameanza kuwa na madoa. Inawezekana ni madoa ya Korogwe, ule ugonjwa wa majani ya mkonge, inawezekana ni kitu kingine. Nataka watu wawili wa kuhesabu kila mmea, jani kwa jani, kila Jumatatu kwa miezi sita, na kuandika. Karatasi nimenunua. Atakayekuwa tayari anikute chini ya ule mwembe baada ya chakula, akiwa na viatu vya shambani.